Hakuna Kizuizi

Wenzangu wa idara ya familia, mliniomba niwaandikie namna ya kushauri wanandoa. Nimejaribu mara tatu nikashindwa. Kila nikianza kuandika mambo ya kufundisha, kalamu inanirudisha kwa watu. Basi nitawaandikia watu. Mkiona maneno yangu yanasikika kama ya mtu aliyechoka, ni kwa sababu nimechoka kweli. Miaka thelathini na mmoja ya kukaa katikati ya watu wawili wanaogombana, kila mmoja akikuomba umwambie mwenzake kuwa amekosea, inatosha kabisa.

Nilianza kazi Kahama, pale Nyasubi, nikiwa na cheti cha chuo cha Biblia, ndoa ya miaka miwili na mtoto mmoja, Neema. Nilidhani ndoa naijua. Ofisi yetu ilikuwa stoo ya kanisa, na magunia ya mpunga wa mavuno yalifika hadi dirishani. Kwa miezi ya mavuno tulishauri watu huku tukipiga chafya.

Siku yangu ya kwanza walikuja mume na mke wa makamo, wakulima wa kutoka nje kidogo ya mji, hawatazamani. Nilifungua daftari langu la chuo nikawafundisha upendo wa Kikristo kwa muda wa kutosha kupika maharage. Walinisikiliza kwa adabu. Kwenye kona alikuwa amekaa Mzee Lameck, mwinjilisti, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, ambaye nilipangiwa nijifunze kwake. Nilipomaliza aliwauliza swali moja tu.

"Mmekula?"

Mume akasema hajala tangu jana. Mke akasema hawezi kupika kwenye jiko ambalo mama mkwe amelitemea mate. Na hapo ndipo nikajua walichokuja kusema. Mzee Lameck aliagiza chai na maandazi, wakala, wakaanza kuzungumza.

Walipoondoka akaniambia, "Umehubiri vizuri, binti yangu. Bahati mbaya walikuja na njaa."

Mzee huyu sikio lake la kushoto lilikuwa halisikii. Alikuwa na tabia ya kumkalisha mwenye kelele zaidi upande huo, na sijui hadi leo kama ilikuwa bahati au alipanga. Alinifundisha kutouliza nani alianza, kwa sababu hakuna atakayesema ni yeye. Niulize jana ilikuwaje, tangu asubuhi. Alinifundisha kutosema "Mungu amesema" pale ambapo ni mimi ninayefikiri. Na alinifundisha kwenda. "Ukiambiwa jambo kuhusu nyumba ya mtu," alisema, "nenda ukalione. Usilione kwa mdomo wa mtu mwingine." Yeye mwenyewe aliendesha baiskeli hadi vijiji ambavyo mimi nilivisikia kwenye matangazo tu.

Vifaa vya kazi hii ni vichache. Viti vitatu vya kimo kimoja, kwa maana nyumbani kwetu Usukumani mwanamke angeweza kuketi mkekani huku mumewe yuko kitini, na mazungumzo ya namna hiyo yana mshindi kabla hayajaanza. Birika la chai. Karatasi laini za kufutia machozi. Saa ya ukutani, iwe upande unaoiona wewe, wao wasiione. Daftari lisilo na majina. Mwanamume mmoja aligoma kukaa kiti sawa na mkewe, akasimama saa nzima. Wiki iliyofuata alikaa. Miguu yake ilifanya kazi ambayo mimi ingenichukua mwezi.

Kutoka Kahama nilihamishiwa Buseresere, nikakaa miaka minane. Kule ndiko nilikoijua rashi. Habari zikifika kuwa dhahabu imeonekana mahali, wanaume huondoka kwa makundi, hata aliyeacha uji mezani. Wengine hurudi baada ya wiki, wengine baada ya mavuno mawili, wengine hutuma salamu kwa mtu anayetuma salamu kwa mtu. Nusu ya kesi zangu zilikuwa na mtu mmoja tu. Mke anakuja, anakaa, anaulizwa jana ilikuwaje, anasema ilikuwa kama juzi. Nilishauri wanawake wengi sana namna ya kuishi na mtu ambaye hayupo, na sina hakika nilimsaidia hata mmoja.

Halafu nikapelekwa Geita mjini, usharika ulioko Kalangalala, na huko ndiko nilikomalizia. Huko pia ndiko nilikofanya kosa ambalo nataka mlijue, kwa sababu mafaili hayatawaambia.

Alikuwepo mama mmoja aitwaye Monika. Wote tulimwita Mama Kulwa, kwa kuwa alikuwa na mapacha, Kulwa na Doto, wa kike wote. Aliuza michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga karibu na stendi, mwanamke mwembamba asiyecheka ovyo. Mume wake, Shija, alikuwa mchimbaji. Mapacha walipokuwa na miaka minne, Shija alifuata rashi upande wa kusini, mbali, mikoa ambayo sisi huku tunaijua kwa kuisikia redioni. Baada ya miezi saba akaja mchimbaji mwenzake, waliyemwita Chuma, akiwa na koti la Shija na kitambulisho chake cha kupigia kura. Akasema duara limeporomoka, watu watano wamefukiwa, wametolewa wawili tu, Shija mmoja wao, wakazikwa hukohuko, na kwa waliobaki mwamba ulikuwa mkubwa mno kuutoa. Duara ni shimo la kuchimbia. Likiwaangukia watu kwa kina kile, mara nyingine ndilo huwa kaburi lao.

Matanga yalifanyika bila mwili. Mama Kulwa alinyolewa nywele. Ukoo wa mume ukataka arithiwe na shemeji yake mdogo, akakataa, nami nikasimama naye. Nilikwenda kwa wakwe zake mara nne. Mwishowe walimwachia watoto na masufuria, wakasema kanisa limlishe. Kanisa halikumlisha. Alijilisha mwenyewe kwa michembe.

Ilipita miaka sita. Kisha Paulo, fundi pikipiki aliyefiwa na mke, mtu mpole mwenye mikono isiyotakata grisi hata Jumapili, akaja ofisini akiwa ameshika kofia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Karibu."

"Nimekuja kwa ajili ya Mama Kulwa. Nataka nimuoe, lakini kwa utaratibu."

Utaratibu ulikuwa hivi: kabla ndoa haijatangazwa kanisani, idara ya familia ilitakiwa ichunguze na kuandika kama kuna kizuizi chochote. Kwa mjane ambaye mumewe hakuonekana maiti, nilipaswa kutafuta ushahidi. Niliwauliza wachimbaji wawili waliowahi kufika kule. Mmoja alisema alisikia. Mwingine alisema alisikia kwa yule wa kwanza. Chuma mwenyewe alikuwa ameshahama, na safari ya kwenda kule aliko ilikuwa siku mbili za basi. Mgongo ulikuwa unaniuma mwezi ule. Tena nilikuwa nimempenda Paulo, na nilitaka Mama Kulwa acheke. Nikachukua fomu, nikaandika "Hakuna kizuizi," nikasaini, nikapiga mhuri.

Ilikuwa harusi ndogo, nzuri. Mama Kulwa alicheka.

Mwaka wa pili wa ndoa yao alizaliwa mtoto wa kiume, Baraka. Na mtoto huyo akiwa bado hajaanza kutambaa, asubuhi moja ya Jumatano, Mama Kulwa aliingia ofisini kwangu bila kubisha hodi. Hakunisalimu. Alikaa kwenye kiti, akakiacha, akakaa kwenye kingine.

"Mama," akasema, "Shija yuko nyumbani. Amekaa kwenye kigoda. Anakohoa."

Nilidhani amechanganyikiwa. Nilimuuliza kama amekunywa chai. Mazoea haya.

"Mama Neema, nakwambia mume wangu amefufuka, wewe unaniuliza chai?"

Nilikwenda naye. Mtu aliyekuwa kwenye kigoda alikuwa amekonda hadi mashavu yameingia ndani, lakini Kulwa alikuwa amesimama mlangoni, na paji la uso lilikuwa moja. Hakukuwa na haja ya kuuliza. Paulo alikuwa ameegemea ukuta wa nje na spana mkononi, kama mtu aliyeitwa ghafla kutoka kazini, na kweli ndivyo ilivyokuwa.

Shija alinisalimu kwa heshima zote. Nilimuuliza kilichotokea. Alizungumza polepole kwa sababu ya kifua. Siku duara lilipoanguka yeye hakuwemo. Alikuwa ameumwa tumbo, amekwenda kulala kijiji cha mbali, koti lake likavaliwa na mwenzake, kitambulisho kikiwa mfukoni. Waliofukuliwa walikuwa wawili tu, mmoja wao akiwa na koti lile, hatambuliki. Chuma akachukua vitu akasafiri, akiamini anachokisema.

"Na wewe ulipopata habari kwamba umeliliwa?" nikauliza.

"Nilisikia baada ya miezi miwili. Nilikuwa sina kitu, mama. Niliondoka nikiwaahidi nyumba ya bati, na nilikuwa sina hata viatu. Nikasikia nimefanyiwa matanga. Nikaona…" Akakohoa. "Nikaona nimepumzika."

Mama Kulwa alikuwa amesimama nyuma yangu na mtoto mgongoni. Alisikia. Hakupiga kelele kama nilivyotarajia. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayemweleza mteja kuwa karanga zimekwisha:

"Nilinyoa nywele. Wanao walilala chini kwenye mkeka siku tisa. Nilipigania watoto kwa wazazi wako mpaka nikatukanwa mchawi. Wewe ulikuwa umepumzika."

Nimekaa kwenye vyumba vingi vyenye watu wenye hasira. Kile kilikuwa kimya kuliko vyote.

Baraza la wazee liliitwa wiki ileile. Mwenyekiti, Mzee Mabula, alikuwa mtu mwema anayependa mambo yaishe. Alisema ndoa ya kwanza haikuvunjwa na kifo wala na mahakama, kwa hiyo ipo. Mama Kulwa ana waume wawili, jambo ambalo kanisa halilijui. Arudi kwa Shija, Paulo amwachie, yaishe. Mzee mwingine akasema hapana, Shija ndiye aliyetoroka, afukuzwe. Wa tatu aliuliza mtoto Baraka atahesabiwa wa nani, swali ambalo lilinifanya nitake kutoka nje.

Mama Kulwa na Paulo walikuwa wamekaa kwenye benchi la mlangoni wakijadiliwa kama ng'ombe wa mahari. Niliomba nafasi ya kusema.

"Wazee, fomu iliyoruhusu ndoa hii niliisaini mimi. Nilitakiwa kusafiri, sikusafiri. Niliwauliza watu wawili waliokuwa wanarudia neno la mtu mmoja. Mkitafuta mkosaji, msianzie kwenye lile benchi."

Mzee Mabula alinitazama kwa huruma, akasema, "Mama Neema, wewe ulikosea karatasi. Wao wanaishi kwenye kosa." Nikajua kuwa hakunielewa, au alinielewa vizuri sana.

Waliamua hivi: mpaka jambo liwe limenyooka kisheria na kikanisa, Paulo aondoke nyumbani, na Mama Kulwa na Paulo wasishiriki Meza ya Bwana. Shija hakutengwa, kwa sababu jina lake lilikuwa limeshafutwa kwenye kitabu cha washarika siku ya matanga. Mtu aliyekufa hawezi kutengwa. Nililiandika hilo kwenye kumbukumbu za kikao kwa mkono wangu, na katibu akalifuta.

Paulo alihamia kwenye karakana yake, akatandika godoro kati ya matairi. Shija tulimpatia chumba kwa mshiriki mmoja, nyumba ya nne kutoka kwa Mama Kulwa. Mimi nikaanza kukutana nao, kila mmoja peke yake kwanza, kila Jumanne na Ijumaa, kwa miezi kumi na mmoja. Nitawaeleza machache.

Na Paulo, kikao cha kwanza, nilimuuliza jana ilikuwaje. Alisema, "Asubuhi nilimpeleka Baba Kulwa hospitali." Nilidhani nimesikia vibaya. Akaeleza kuwa Shija amepimwa, ana kifua kikuu juu ya vumbi la mwamba alilovuta miaka yote, na dozi inahitaji ameze dawa kila siku mbele ya mhudumu. Hawezi kutembea mpaka pale. "Sasa nani atampeleka, mama? Pikipiki ninazo mimi."

"Unampenda?"

"Simpendi hata kidogo. Akikohoa nyuma yangu naomba Mungu anisamehe ninavyowaza." Akafuta mikono kwenye suruali. "Lakini wale watoto wananitazama."

Na Shija, ilinichukua wiki nyingi kujua anataka nini. Kila nikimuuliza alisema anataka haki yake. Haki ipi? Ya mume. Ya kufanya nini? Alirudi palepale kwenye haki. Siku moja nilichoka, nikamwambia bila adabu ya kazi yetu, "Baba, mke huyu ukipewa leo, utamfanyia nini kesho asubuhi?"

Alicheka, kicheko kilichomgeuka kuwa kikohozi. Kilipotulia akasema, "Sitaki mke, mama. Siwezi hata kubeba ndoo. Naogopa kufa mahali ambapo watu hawajui jina la baba yangu. Wale wenzangu kule walizikwa wakiwa wanaitwa Mrefu na Kibuyu."

Alisema hivyo mwezi wa tano. Miezi mitano mizima tulikuwa tunagombania ndoa, na mtu alikuwa anataka kaburi lenye jina. Nawaomba msinicheke.

Na Mama Kulwa. Yeye alikuwa mgumu kuliko wote, na alikuwa na haki. Alikuja kila Ijumaa, alikaa, alikunja mikono. Nilimuomba msamaha kwa ile fomu. Akasema, "Mama, ungesafiri ukamkuta hai, ungekuja kuniambia, nami ningebaki mke wa mtu aliyepumzika. Sijui nikulaumu au nikushukuru. Niache kwanza." Nikamwacha. Alipokuwa tayari alisema anachotaka: Paulo arudi nyumbani kwa mlango wa mbele, mchana, majirani wakiona. Shija asiingie kwake, ila watoto wakitaka kwenda kumsalimu, waende. Kulwa alikwenda na kumpelekea uji. Doto hakwenda. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na alisema baba yake alishakufa, yeye alishalia, hawezi kuyarudisha machozi machoni. Hatukumlazimisha.

Kikao cha wote watatu kilifanyika mara moja tu. Viti vitatu havikutosha, nikaazima cha nne. Shija ndiye aliyeanza.

"Monika, nimekuja kukuomba kitu."

"Sema."

"Nitakwenda mahakamani mwenyewe niseme niliacha nyumba yangu kwa hiari. Niseme nilijua mmenililia, nikanyamaza. Wavunje ndoa. Halafu nikifa, watoto waje wanizike, na wasome jina langu."

Mama Kulwa alimtazama muda mrefu. Ile saa ya ukutani niliiona mimi peke yangu. Ilikuwa dakika nne.

"Watakuzika," akasema. "Lakini usife upesi. Bado nina maneno yangu na wewe."

Paulo aliinamisha kichwa, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilimsogezea karatasi laini. Shija akamsogezea pia, mikono yetu ikagongana.

Alikwenda mahakamani kweli, Paulo akampeleka kwa pikipiki. Kwanza baraza la usuluhishi la kata, kisha hakimu. Hakimu alikuwa mama kijana, alisoma faili, akamuuliza Shija mara mbili kama anajua anachosema. Ndoa ikavunjwa. Paulo na Mama Kulwa wakafungishwa upya bomani, saa nne asubuhi, mashahidi wakiwa mimi na mshonaji wa viatu aliyekuwa karibu. Paulo akarudi nyumbani kwa mlango wa mbele, mchana, amebeba godoro kichwani. Majirani waliona.

Mngedhani kanisa litafuata. Kanisa lilichelewa. Baraza lilisema linahitaji maelekezo kutoka juu, juu wakasema suala ni la usharika, usharika ukasema utalijadili baada ya ujenzi wa uzio. Kila Jumapili ya Meza ya Bwana, watu walipoinuka kwenda mbele, Mama Kulwa na Paulo walibaki kwenye benchi la nyuma, na watu wakawaruka miguu.

Mara ya kwanza baada ya uamuzi wa baraza nilikuwa nimeinuka na wenzangu, nikafika katikati ya kanisa. Nikageuka. Sikuwa nimepanga. Nilirudi nikaketi kando ya Mama Kulwa. Hakuniangalia, nami sikumwangalia. Mwezi uliofuata nikafanya vilevile. Mzee Mabula alinifuata baada ya ibada.

"Mama Neema, wewe hujatengwa."

"Najua, mzee."

"Unawachanganya watu."

"Najua."

Nilikaa kwenye benchi lile miaka miwili na miezi minne. Sisemi hivi mnisifu. Kulikuwa na Jumapili nilizotamani sana kwenda, na kulikuwa na Jumapili nilizokaa kwa ukaidi tu, ambazo sidhani zilimpendeza yeyote aliye juu. Magoti yangu pia yalifurahia kukaa. Mtafanya mnachoona ninyi. Mimi sikuwa na njia nyingine ya kurekebisha saini.

Shija alimaliza dozi, akapata nafuu isiyo kamili. Alikuwa anakaa nje ya chumba chake akichonga mipini ya majembe, na Kulwa alifanyia hesabu za shule kando yake. Alikufa mwaka jana, wakati wa mvua za kwanza, mchana, Kulwa akiwa naye. Jina lake lilisomwa lote, la kwake, la baba yake na la babu yake. Aliyelisoma alikuwa Doto. Hakuna aliyemwomba. Alimnyang'anya mwinjilisti aliyeongoza mazishi karatasi, akasoma, akairudisha, akaenda kusimama mbali na watu. Mama Kulwa hakunyoa nywele. Alipika chakula cha msiba wote, na mwanamke mmoja alipomuuliza anapika kama nani, alimjibu, "Kama mpishi."

Wiki tatu kabla ya mimi kustaafu, barua ikatoka. Baraza limewarudisha kundini Monika na Paulo. Ilisomwa Jumapili kwenye matangazo, katikati ya mkutano wa wanakwaya na mbuzi aliyepotea. Watu wachache walipiga makofi. Siku hiyo ilikuwa ya Meza ya Bwana.

Mchungaji alipokaribisha, nilisimama. Nilikuwa nimevaa kitenge kipya, sikatai. Paulo akasimama. Nikamnyooshea Mama Kulwa mkono.

Hakuupokea. Alikuwa amempakata Baraka, anamfunga kamba ya kiatu.

"Nendeni," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi leo siendi."

"Mama Kulwa, wamekurudisha."

"Nimesikia. Waliniweka hapa siku waliyoitaka wao, wamenitoa siku waliyoitaka wao. Nitakwenda siku niliyoichagua mimi." Akamaliza kufunga fundo, akanitazama. Uso wake haukuwa na hasira yoyote. "Nenda mama. Umekaa sana."

Paulo aliketi tena kando ya mkewe. Mimi nikaenda mbele, peke yangu, nikiwa na magoti yanayouma na watu wote wakinitazama, nikapiga magoti pale, nikapokea.